Kibra: Mji Uliopandwa Juu ya Mashamba

Jina Kibra, katika lugha ya Kinubi, maana yake ni msitu. Sisi watu wa pwani tumezoea kulisikia kwa umbo la Kibera, tena mara nyingi katika habari za moto, za mafuriko au za uchaguzi. Kwa hivyo mtu akisema anakwenda huko kutazama mboga, wenziwe humdhania anafanya mzaha. Hata hivyo ndivyo tulivyofanya. Tulipanda gari moshi Miritini, kina mama wanne na vijana wetu wawili, kwa nia ya kuuona mji ambao serikali yake ya kaunti imejitungia sheria mahususi ya kilimo cha mjini, na kuuona hasa katika mtaa ambao ardhi ni haba kuliko kitu kingine chochote.

Nia yenyewe ilizaliwa barazani. Mwenzetu wa Kisauni alikuwa akiuliza kama sheria yamruhusu kufuga mbuzi watatu uani mwake. Mwingine wa Likoni ana kipande kidogo nyuma ya nyumba, apanda mchicha na bamia, na jirani amekwisha mwambia kwamba eneo lile limepangwa kuwa la makazi tu, na iko siku mboga zake zitang'olewa. Maswali kama haya huulizwa kila mtaa, na kwa kawaida hujibiwa na yule mwenye sauti kubwa zaidi. Tukaona heri kwenda kutazama wenzetu wanaishije na sheria ambayo tayari imeandikwa.

Tuliingia Kibra kwa upande wa Makina, ukishuka kutoka Barabara ya Ngong. Hapa ndipo kitovu cha Wanubi, jamaa zetu Waislamu waliofika Nairobi mapema kuliko wengi wa wanaojiita wenyeji wake. Nyumba za wazee ni za udongo na mabati, zina vibaraza, na baadhi bado zimesaliwa na uga mbele yake. Kina mama wavaa gurbaba za rangi, na mikononi mwao husukwa vifuniko vya vyakula vinavyofanana mno na kawa zetu, ila rangi zake ni kali zaidi. Msikiti u karibu, soko la Toi ni mwendo wa miguu, na mgeni aliyetoka Mji wa Kale wa Mombasa hajioni sana kuwa yu ugenini.

Mwenyeji wetu alitupeleka kwanza kwa mamake mzazi, kama ilivyo ada.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mombasa wazima?"

Tuliketi mkekani, tukaletewa chai na gurusa, mkate wao mwembamba ulio baina ya chapati na chila. Bibi yule hakuwa na haja ya kuulizwa mara mbili. Alituonyesha kwa kidevu, upande baada ya upande, pale palipokuwa na mahindi ya mamake, pale palipokuwa pa maharagwe, na bondeni kule ng'ombe walipokuwa wakilishwa. Katika utoto wake, alisema, mtu kununua mboga sokoni ilikuwa ni kama kukiri kwamba nyumba yake haina mwanamke. Tulitazama kule alikotuelekeza. Hapakuwa na kitu ila mabati, mabati juu ya mabati, na waya za umeme zilizovukana kama utando wa buibui.

Kisa cha ardhi ile chastahili kusimuliwa polepole. Wazee wa Wanubi walikuwa askari wa Kisudani, baadhi yao wakiwa wametumikia chini ya Emin Pasha, kisha Waingereza wakawatia katika utumishi wao miaka ya 1890. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, wao ndio waliokuwa miongoni mwa nguzo zake. Walipostaafu hawakuwa na kwa kurudi, na serikali haikutaka kuwalipa pensheni ya maana. Njia rahisi ikawa ni kuwapa mahali pa kulima. Ardhi ya Kibra ilipimwa ikapatikana kuwa ekari 4,197, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari mstaafu alipewa cheti, nao wakakiita cheti cha shamba, kinachomruhusu yeye na jamaa zake kujenga kibanda, kulima na kufuga.

Cheti kile, ukikitazama kwa jicho la leo, kilikuwa ni sheria ya kanda kabla neno hilo halijajulikana. Kilisema nani aishi wapi na ardhi itumike kwa kazi gani. Kilichokosa kusema ni ardhi ni ya nani. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia, na miaka michache baadaye Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ikaamua kwamba Wanubi wale ni wapangaji tu wa serikali, wanaokaa kwa hiari yake, na kwamba cheti hakikuwapa milki. Nyumba za kudumu hawakuruhusiwa kuzijenga. Kwa hivyo walilima vizuri, wakaishi vizuri, wakazika wafu wao pale, na kila walichokipanda kilikuwa juu ya ardhi ambayo mwenyewe alikuwa mwingine.

Kisha mji ukaja. Woodley, Jamhuri, Langata, Ayany, Olympic: mitaa hii yote, Wanubi watakwambia, imesimama juu ya mashamba yao. Uko hata mtaa unaoitwa Fort Jesus, jina tuliloliacha Mombasa asubuhi tukalikuta Nairobi limeandikwa kwenye kibao cha matatu. Hakuna aliyekuja na bunduki kuwanyang'anya majembe. Ilibadilika ramani tu. Eneo lililokuwa la kilimo likaandikwa kuwa la makazi, na wa kupewa makazi hawakuwa wale waliokuwa wakilima. Mashamba yaliyobaki nayo yakajaa vyumba vya kupangisha, maana familia isiyokuwa na shamba yahitaji kodi ili iishi, na wahamiaji kutoka kila pembe ya nchi walihitaji pa kulala. Twalisema hili bila kumlaumu mpangaji wala mpangishaji.

Mwezi Juni mwaka 2017, baada ya mapambano ya miongo mingi, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Katika ekari 4,197 hizo ni chini ya saba kwa kila mia. Bibi alipoitaja hesabu hiyo hakuonyesha uchungu. Alisema ni afadhali kuliko bure, kisha akatuongezea chai.

Sasa tuje kwenye sheria iliyotupeleka. Katika miji ya Kenya, tangu enzi za ukoloni, kilimo kilihesabiwa kuwa ni uchafu. Mji ni wa ofisi, maduka na nyumba. Jembe mahali pake ni shamba. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilimpa waziri uwezo wa kukataza mazao mjini na viungani mwake akiona yanadhuru afya, na sheria ndogo za mabaraza zilifuata mkondo huo huo. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa ni mbu: kwamba mahindi marefu huwaficha. Hoja hii imeishi umri mrefu kuliko ilivyostahili. Mbu wa malaria huzaa katika maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama Nairobi utayakuta kwenye mitaro iliyoziba kabla hujayakuta kwenye mahindi. Lakini mahindi hufyekwa kwa saa moja, na mtaro kuzibuliwa huhitaji bajeti.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mambo mawili. Kifungu cha 43 kiliandika haki ya kila mtu kuwa huru na njaa, na Jedwali la Nne likazipa kaunti kazi ya kilimo pamoja na kazi ya mipango ya ardhi. Ndipo Nairobi, mwaka 2015, ilipopitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa chakula cha nyumbani na kwa biashara pia. Sheria hiyo inataka mkulima awe na kibali, inaitaka kaunti kufunza na kusimamia, na inawataja wakaazi wa mitaa iliyosongamana miongoni mwa wanaostahiki kuangaliwa kwanza. Nairobi haikuwa ya kwanza katika eneo letu. Tanzania ilikuwa na kanuni zake za kilimo cha mijini tangu mwaka 1992, zilizosema mtu mmoja asilime zaidi ya ekari 3 mjini. Kampala nayo ilitunga sheria ndogo zake mwaka 2006, pamoja na nyingine za mifugo, maziwa, nyama na samaki. Kwa nchi nzima ya Kenya, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ndiyo inayozipa kaunti mamlaka ya kuzigawa sehemu za mji kanda kwa kanda, na ndiyo inayomtaka mtu aombe ruhusa kabla ya kugeuza matumizi ya kiwanja chake.

Ukizisoma sheria hizi ukiwa umeketi Kibra, swali moja hukujia haraka. Ekari 3? Kiwanja gani?

Mwenyeji wetu alitutoa Makina, akatupitisha kwenye vichochoro kuelekea Lindi, akitutahadharisha tuinue buibui zetu kwa sababu ya mitaro. Huko ndiko tulikoyaona mashamba ya sasa. Yamesimama wima. Ni magunia.

Kazi hii ilienea Kibra mwaka 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifunga njia, chakula kikaadimika, bei zikapanda, na shirika la misaada la Kifaransa la Solidarités likaanza kuwagawia watu miche na kuwafunza kupanda ndani ya magunia. Shirika lilipita, magunia yalibaki. Mama aliyetufundisha, mwenye vyumba viwili na watoto watano, hakuwa hata na kibali cha kuliita eneo lake kiwanja. Ana upenu wa hatua nne. Kwenye upenu huo yamo magunia sita, na gunia tulilolihesabu lilikuwa na miche 34.

Alitueleza utengenezaji wake, nasi twauandika hapa kwa ajili ya wale ambao watataka kujaribu. Gunia huwekwa wima juu ya matofali, lisigusane na sakafu. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza vyema. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha huchukuliwa mkebe mkubwa uliotolewa kitako, ukasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, na udongo ukamwagwa kuuzunguka. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, mkebe huvutwa juu, kokoto zikabaki, na kazi huanza tena, mpaka gunia lijae na pawe na nguzo ya mawe kutoka juu hadi chini. Nguzo hiyo ndiyo siri yote. Bila hiyo maji hubaki juu, na miche ya chini hufa kwa kiu huku ya juu ikioza. Ubavuni hutobolewa mashimo ya kutia miche ya sukuma wiki, mchicha au mnavu; juu hupandwa kitunguu au giligilani. Maji aliyooshea mchele na mboga ndiyo anayonyweshea. Maji ya sabuni huyaacha yakapoa na hayatii mara kwa mara. Maji ya mtungi hununuliwa, kwa hivyo hakuna hata kikombe kinachomwagwa bila kufikiriwa.

Watoto wake hula mboga zile siku nne au tano kwa wiki, na kinachozidi huuzwa kwa majirani kabla ya magharibi. Si utajiri. Ni kwamba mezani pana kitu kibichi hata siku ambayo kibarua hakikupatikana, na kwamba jirani aliyekuja kununua ameketi kidogo, wamezungumza.

Hatari zipo, na hatupendi kuzificha. Bondeni, kandokando ya mto unaoingia katika Bwawa la Nairobi, tuliwaona watu wanaolima mboga kwa maji yaliyochanganyika na ya vyoo. Majani yalikuwa mapana na ya kijani cha kupendeza, nasi hatukununua. Hapa sheria ina haki kabisa kuwa kali, kwa sababu mlaji hawezi kuuona ugonjwa kwa macho. Udongo nao wataka kuchunguzwa: uliochotwa karibu na gereji, au mahali pa kuchomea taka, waweza kuwa na madini ya sumu, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru akili yake. Mama wa magunia hununua udongo wake kutoka nje ya mtaa, na huo ndio mzigo wake mkubwa wa gharama. Laiti askari wa kaunti angetumia muda wake kupima udongo na maji, badala ya kuhesabu mbuzi wa watu, kina mama wangekuwa wa kwanza kumwandalia chai.

Lakini jambo lililotukalia moyoni kuliko yote ni kibali. Kibali cha kulima ni kitu chema. Mtu aliye nacho halali kwa hofu. Walakini tulipokuwa tukisikiliza, tulishindwa kukitenga na kile cheti cha askari wa zamani. Vyote viwili vyasema "lima". Hakuna kati yao kinachosema "baki". Mama yule ni mpangaji. Mwenye nyumba wake akitaka kuongeza chumba, upenu utakwenda, na kibali hakitakuwa na la kusema. Tulimuuliza atafanya nini siku hiyo. Alicheka, akasema shamba lake lahamishika. Kisha akaongeza kwamba gunia moja lililoloa huhitaji wanaume wawili kulibeba, na wanaume wawili wa kubeba mboga ya mtu bure hajawaona bado.

Kwa Wanubi wenye ekari 288 suala ni jingine, na limewagawa. Vijana tuliozungumza nao wataka ghorofa: ardhi ni ndogo, familia ni kubwa, na kodi ndiyo itakayosomesha watoto. Wazee hawakatai ghorofa, ila wataka mpango uandike kwanza makaburi, madrasa, na kipande cha kulima kitakachokuwa cha wote, kisiuzwe wala kujengwa. Kijana mmoja alituambia kwa adabu kwamba hakuna anayeweza kula historia. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alimjibu bila kuinua uso kwamba hata zege haliliki. Sisi twaelemea upande wa bibi, japo si kwa sababu ya mapenzi ya zamani. Ghorofa yaweza kujengwa mwaka wowote. Kipande cha kulima kikishajengwa hakirudi, na watu wa Kibra walilijua hilo kabla yetu.

Tukirudi, ndani ya gari moshi, mazungumzo yaliegemea kwetu. Mombasa yetu ilikuwa mji wa miti kabla ya kuwa mji wa majengo. Majina yenyewe yashuhudia: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika, Kiembeni, Mikindani. Miembe mingi haipo. Tuna pia lile jambo letu la nyumba bila ardhi, ambapo mtu amiliki kuta na paa huku kiwanja kikiwa cha mwingine, au cha wakfu. Mwenye nyumba ya namna hiyo aweza kupanda mboga uani miaka arubaini, na bado ramani ikamwona kama hayupo. Sheria ya 2019 inataka umma utangaziwe rasimu ya mpango wa kaunti na uruhusiwe kutoa maoni kabla haujapitishwa. Matangazo hayo hutokea gazetini na kubandikwa kwenye ofisi, na wengi wa wanaokwenda kuyajibu ni wale wanaotaka kujenga. Mwenzetu wa Likoni amekwisha andika barua yake. Ameeleza mahali, ukubwa wa kipande, anachopanda na miaka aliyokipanda, na ameomba mtaa wake uandikwe kuwa wa makazi pamoja na bustani za chakula. Wanawake kumi na mmoja wametia sahihi.

Yule wa Kisauni bado ana mbuzi wake watatu, na kwa ushauri wa jirani amewajengea banda mbali na kisima. Magunia tumeanza nayo mwezi uliopita. Udongo wetu wa pwani ni wa kichanga, hauzuii maji kama ule mwekundu wa Nairobi, kwa hivyo tumelazimika kuongeza samadi na kutandaza makumbi ya nazi juu ili unyevu usikimbie. Mchicha umekubali. Sukuma wiki bado yasitasita, na joto la Machi halijaanza.